Aliikuta, Hakuileta: Maisha ya Fundi Bubu

Wazee wetu, ndugu, majirani, wateja wa marehemu na mafundi wenzake, poleni sana na msiba. Mimi ni dada yake mkubwa. Nimepewa kazi ya kuandika na kusoma maisha ya mdogo wangu, na kwa kuwa duka la uchapaji ni langu, kijitabu mlichoshika nimekichapa mwenyewe kwa mashine yangu. Nalisema hili mapema ili anayefikiria kuninyang'anya kipaza sauti katikati ya safari asijisumbue. Nikinyamazishwa, mtaendelea kusoma.

Jumanne iliyopita kamati ya mazishi iliniletea sentensi moja niiweke humu ndani. Ilisema: "Marehemu alianza kusumbuliwa na presha baada ya kuoa." Basi. Haina tusi, haina jina la mtu, na ukiisoma haraka unaweza kuipita usiione. Lakini kila aliyekuwa sebuleni siku ile alijua inamwendea nani. Wifi yangu, mke wa marehemu, alikuwa chumba cha pili akikunja mashuka ya wageni, na ukuta ule ni wa mbao nyembamba. Nilijibu kwamba nitaangalia pa kuiweka. Nimeangalia, sikupaona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1974, wa pili kati ya watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yetu alikuwa fundi breki wa mabehewa. Alizaliwa na uzito wa kutosha hata mkunga akampima mara ya pili akidhani mzani umeharibika. Kutembea aliwahi, kusema akachelewa. Alipotimiza miaka mitatu bila neno la maana, shangazi yetu alitangaza kwamba kaka yake kazaa bubu, akaanza kumsemesha mtoto kwa mikono. Mama hakubishana naye. Mchana mmoja shangazi alikuja kututembelea, akapewa kiti, na yule mtoto akamtazama na kusema wazi kabisa: "Shangazi, kiti hicho kinayumba." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kupangika. Shangazi aliyapuuza, na kiti kikamwangusha. Shangazi, uko hapo mbele, najua unakumbuka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981 na kumaliza mwaka 1988. Hakuwa wa kwanza darasani, na wa mwisho pia hakuwa. Alichokuwa nacho ni mikono isiyotulia. Akiwa darasa la sita alikifumua kiti cha mwalimu mkuu ili aone kilichomo ndani, na mwalimu mkuu akamkuta amekaa sakafuni katikati ya magunia, majani makavu na springi. Alipewa fimbo kwanza, kisha akaamriwa akirudishe kiti kama kilivyokuwa. Alikirudisha kikiwa kizuri kuliko kilivyokuwa, na wiki iliyofuata mwalimu mkuu akamletea cha pili kutoka nyumbani kwake, safari hii bila fimbo. Baadaye alisoma chuo cha ufundi kwa miaka miwili, upande wa useremala, ingawa mbao hazikuwahi kumvutia kama kile kinachozifunika.

Mwaka 1992 baba yetu alianguka kazini na hakuinuka tena. Daktari alisema ni presha. Kwenye mazishi yake palisemwa, kwa ile sauti ya pembeni ambayo hufika kila mahali, kwamba mama yetu alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliompandisha mumewe presha. Mama aliishi na neno hilo mpaka alipofariki mwaka 2011, na hakuna aliyemtua mzigo. Niliumia wakati ule na bado naumia. Wakati ule nilikuwa msichana, sina kipaza sauti. Leo ninacho.

Mwaka huohuo wa 1992 marehemu aliingia kujifunza kazi kwa mzee mmoja fundi wa makochi, na mwaka 1996 akafungua karakana yake kwenye mtaa wa mafundi, mlango wa tatu kutoka kwa mchomeleaji. Wengi wenu mmeingia humo: sponji zimesimamishwa ukutani, magunia, mikanda ya kusuka chini ya kiti, harufu ya gundi, na katikati ya chumba kochi la mtu limevuliwa nguo. Fundi wa makochi ana mikono miwili kwa kazi inayotaka mitatu. Wa kushoto unavuta kitambaa, wa kulia unagonga nyundo, na ile misumari midogo yenye vichwa bapa inakaa mdomoni. Ulimi unaugeuza msumari, midomo inautoa kichwa kikiwa mbele, vidole vinaupokea, nyundo inashuka. Marehemu alikuwa akijaza shavu asubuhi na kulimaliza mchana. Alipoletewa mashine ya kupiga pini alisema ina kelele nyingi na haishiki kitu, akaitumia kuzuia mlango. Kwa sababu ya misumari hiyo hakuweza kuitikia salamu ya mtu. Aliinua nyusi tu. Ndipo wateja wakambandika jina la Fundi Bubu, jina alilokuwa nalo tangu utotoni bila wao kujua.

Sasa nafika mahali ambapo naomba tusikilizane vizuri.

Mwezi Agosti mwaka 2001 wataalamu wa chuo cha tiba walipiga hema kwenye mtaa wa mafundi. Walikuwa wakitafuta vijana wanaojiona wazima, wasio na ugonjwa wowote wanaoujua, wawapime presha na kuwatoa damu kidogo, kisha wawafuatilie kwa miaka. Marehemu alikwenda kwa sababu alisikia kuna soda. Aliingia na misumari shavuni, na daktari wa utafiti, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, akamwambia ateme kwanza. Akatema kiganjani. Misumari ilikuwa na damu.

"Hii damu ya nini?" daktari akamuuliza.

"Ya kila siku," marehemu akajibu. "Fizi zimeshazoea."

Siku ya kuchukua majibu nilimsindikiza mimi, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Daktari yule alituwekea viti viwili, akavaa miwani yake, akasema bila kuzunguka:

"Presha yako imeanza kupanda. Ni kidogo, bado haijafika pa kukuita mgonjwa, lakini kwa umri wako haikupaswa kuwa hapo. Halafu kuna hili la damu. Mwili ukiwa na uvimbe au kidonda mahali, hata usipokiona, ini hutoa protini fulani, nasi tunaipima. Yako iko juu. Tumerudia kupima, bado iko juu."

"Kwa hiyo huo uvimbe ndio unaopandisha presha?"

"Hicho ndicho tunachokitafuta. Kwa vijana wengi tunaona hivi viwili vinaandamana. Kipi kinamvuta mwenzake, au kama vyote vinavutwa na kitu kingine, hatujajua."

"Na uvimbe wenyewe uko wapi?"

"Damu inatuambia moto upo, haituambii unawaka chumba gani. Ila ningekuwa wewe ningeanza na hizo fizi. Wazazi wako wana presha?"

"Baba ilimuua."

"Basi na hilo nalo lina sehemu yake," daktari akasema, na akamshika bega.

Marehemu alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa kapera. Narudia kwa walioko nyuma: kapera. Hakuwa na mke, hakuwa na mchumba, hakuwa hata na paka wa kumkera. Alikuwa akilala karakana, juu ya kochi la mteja yeyote aliyechelewa kulichukua, na usingizi wake ulikuwa mzuri. Damu yake ililalamika akiwa kwenye raha hiyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mdogo wangu hakutaka kufichuliwa na kilio. Alimwambia kila mtu, tena kwa majivuno kidogo, kwamba yeye sasa ni mtu wa utafiti. Shangazi aliambiwa. Baba yetu mdogo aliambiwa pia, akacheka mpaka machozi. "Presha ni ya wazee na ya waliooa," alisema. "Wewe utaipata wapi?" Ulikuwa utani, na sote tulicheka. Lakini utani ukiachwa bila kusahihishwa, kuna siku huvaa suti na kuingia kwenye kikao cha kamati.

Mke wake alikutana naye Februari 2004. Alikuwa muuza vitambaa vya makochi, mwenye kibanda chake mtaa wa pili, na siku hiyo alikuja karakana amewaka, anataka kujua ni fundi gani aliyeshona kitambaa chake maua yakiwa kichwa chini. Alisalimia, kimya. Akasalimia tena, kimya. Mara ya tatu akaweka mkono kiunoni.

"Kaka, kwani hata salamu unauza?"

Marehemu alinyoosha kiganja, akatema msumari. Akatema mwingine. Akaendelea kutema mmojammoja, dada wa watu amesimama pale anatazama, mpaka kiganja kikajaa. Kisha akafuta mdomo, akasema kwa adabu zote: "Salama, dada. Karibu."

Yule dada alicheka mpaka akakalia rundo la sponji. Maua yalibaki kichwa chini kwa sababu mwenye kochi aliyapenda hivyo, na wawili hao walifunga ndoa tarehe 17 Septemba 2005. Walijaliwa binti, kisha mvulana. Ni kweli kwamba wifi yangu ana sauti. Anauza vitambaa sokoni, mlitaka anong'one? Ni kweli pia kwamba walibishana, hasa juu ya rangi, kwa sababu marehemu aliamini kila kochi duniani linapaswa kuwa la kahawia. Lakini niliingia nyumba ile bila hodi kwa miaka kumi na tisa, na mara nyingi nilichokikuta ni mke anasema na mume anacheka.

Mwaka 2007 baba mdogo alipita karakana bila taarifa. Alimsalimia mwanawe, mwanawe akainua nyusi. Akamuuliza habari za nyumbani, akaletewa nyusi tena. Wifi yangu alikuwa pembeni akipima kitambaa, akaona aibu mkwewe asimame bila jibu, akaitikia kwa niaba ya mumewe: "Nyumbani hatujambo, baba. Karibu ukae." Baba mdogo hakukaa. Alitoka pale moja kwa moja hadi kwa shangazi na habari kwamba kijana amefungwa mdomo, mke ndiye anayemsemea. Shangazi akasema lisemwalo lipo. Kabla wiki haijaisha ukoo mzima ulishajua kwamba mtoto wetu amekaliwa, hawezi hata kumsalimu baba yake. Ilikuwa ni misumari. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza shavuni kuna nini, na kulikuwa na misumari.

Na aliyeitoa misumari hiyo mdomoni ni nani? Ni huyohuyo mke. Alichoka kuona damu kwenye mto, akazunguka kwa mafundi wazee mpaka akapata nyundo yenye kichwa cha sumaku, ambayo huokota msumari yenyewe na kuushikilia. Marehemu alinuna.

"Fundi gani anaokotewa msumari na chuma?"

"Fundi mwenye meno," mkewe akamjibu, akaiweka nyundo juu ya meza ya kazi na kurudi kwenye kibanda chake.

Ilikaa hapo karibu mwezi mzima ikifunikwa na vumbi la sponji. Siku moja, akidhani hakuna anayemwona, aliijaribu. Fizi zilipona, na mtaa wa mafundi ukagundua kwamba Fundi Bubu ana maneno kuliko redio. Kuna wateja waliomsihi arudie misumari. Alipoitwa tena kupimwa, ile alama ya uvimbe kwenye damu ilikuwa imeshuka. Presha haikushuka. Daktari wa utafiti alimweleza kwa uaminifu kwamba kwa mtu mmoja hawezi kusema mengi: huenda fizi zilichangia, huenda hazikuchangia. Na mimi leo sisemi kwamba misumari ndiyo iliyomuua mdogo wangu. Sina elimu hiyo, na mwenye nayo hakusema hivyo. Ninachosema ni kidogo na hakina ubishi: presha ile ilikuwa imeshaanza kupanda, na damu ile ilikuwa imeshalalamika, zaidi ya miaka miwili kabla mwanamke huyu hajaingia karakana kudai salamu yake.

Mwaka 2012 presha ilifika pa dawa. Hapo wifi yangu akapunguza chumvi kwenye mboga, na ndugu zangu wakaitia kwenye maneno. Ikasemwa anamnyima mumewe ladha. Ikasemwa mtu mzima anapewa vidonge kila asubuhi kama kuku wa kufugwa. Shangazi alifika mahali pa kuja na chumvi yake kwenye mkoba, na mezani akamnyunyizia mwanawe kwa mapenzi yote. Marehemu alimshika mkono taratibu.

"Shangazi, presha hii nilioa nikiwa nayo. Mwenzangu aliikuta, hakuileta. Usimgombeze mgeni kwa vumbi alilolikuta ndani."

"Mimi sijamtaja mtu," shangazi akasema.

"Hukumtaja. Umenitilia chumvi tu."

Hilo akalifanya wimbo wake. Aliyekuja na ushauri alijibiwa hivyo. Aliyekuja na pole yenye kijembe alijibiwa hivyo pia. Aliikuta, hakuileta. Aliyasema mbele ya wazee, mbele ya wateja, na mara moja mbele ya askari wa barabarani ambaye hakuwa ameuliza chochote. Kwa hiyo hakuna hata mmoja kwenye kamati ile anayeweza kusema hakusikia.

Machi 2021 marehemu alikwenda kwa baba mdogo kulivisha upya kochi kubwa la sebuleni, lile la watu watatu. Alikaa huko wiki mbili. Nyumba ilikuwa tulivu, mboga ilikuwa na chumvi, na hakuna aliyemuuliza kuhusu dawa. "Hapa huna wa kukukera," aliambiwa. "Hivyo vidonge vipumzishe kidogo." Akavipumzisha. Mkewe alipopiga simu aliambiwa mumewe hajambo, amwache apumue. Asubuhi ya tarehe 26, akiwa amemaliza mkono wa kushoto wa kochi na kuanza wa kulia, nyundo ilimponyoka. Alijaribu kuiokota, mkono ukakataa. Kilikuwa kiharusi, upande wote wa kulia.

Tuelewane hapa. Simtafuti wa kumfunga. Natoa taarifa kwamba mdogo wangu alianguka penye utulivu, mbali na huyo anayesemwa kumpandisha presha. Na ninyi mnaomeza dawa hizo, asiondoke mtu hapa akidhani zinaachwa kwa kuwa nyumba imetulia. Presha haina masikio. Haijui nani kanyamaza na nani anapiga kelele.

Miaka mitatu na zaidi aliyoishi baada ya hapo hakuweza kushika nyundo. Kilichomuumiza kuliko mguu wa kuburuta ni lile kochi lililobaki na mkono mmoja uchi. Akaomba liletwe karakana. Wifi yangu, ambaye alikuwa hajawahi kugonga msumari maishani mwake, akachukua ile nyundo ya sumaku. Marehemu alikaa kwenye kigoda, anavuta kitambaa kwa mkono wa kushoto na kutoa amri kwa mdomo uliopinda.

"Wima!"

"Si ndiyo wima hii."

"Hiyo wima ya kwenu. Ng'oa, rudia."

Alirudia, akajigonga kidole, akamtukana mume kwa upole, wakacheka wote wawili. Walimaliza baada ya siku nyingi. Kochi likarudishwa kwa mwenyewe, likasifiwa, na hakuna aliyeuliza limemaliziwa na mkono wa nani. Baada ya hilo akaja mteja mwingine, na mwingine. Karakana haikufungwa hata siku moja. Wifi alifunga kibanda cha vitambaa, akawa ndiye mikono, na mumewe akabaki kuwa macho na kelele.

Tarehe 31 Oktoba 2024 alipelekwa hospitali na kiharusi cha pili. Nilimkuta ameegemezwa kwenye mito miwili, anatazama kiti cha wageni kwa dharau ya kifundi. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida.

"Dada. Wakianza, waambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba nilikuwa kapera."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nikacheka naye, kisha nikatoka nje nikalia mahali ambapo hangeniona. Alifariki Jumamosi tarehe 2 Novemba 2024, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini. Mkewe alikuwa amemshika mkono wa kushoto. Sina namna ya kulisema hili vizuri zaidi: nilimpenda, na nyumba zetu sasa zina kimya ambacho sijakizoea. Ulichoniagiza, mdogo wangu, nimekisema, na nimekichapa.

Marehemu ameacha mke, fundi wa makochi. Nimemtanguliza yeye kwa sababu ni wa kwanza. Ameacha binti aliyeko chuo na mvulana anayemaliza sekondari. Wanangu, babu yenu na baba yenu wote waliondoka kwa ugonjwa mmoja. Nendeni mkapimwe mkiwa wazima, mkiwa mnacheka, mkiwa na sababu ndogo kama soda. Ameniacha mimi, na mdogo wetu wa mwisho, dereva wa malori, aliyesafiri siku mbili kufika hapa. Ameacha baba mdogo na shangazi waliomlea tangu baba yetu alipofariki. Ameacha wateja wenye makochi yaliyoko karakana. Yatamalizwa, msiwe na wasiwasi.

Baba mdogo, wewe ndiye mwenyekiti wa kamati, na neno langu la mwisho ni lako. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha baiskeli, na siku niliyoanguka ulinibeba mpaka nyumbani. Nilikuona hospitali Machi ile ukilia ukiwa umegeukia ukuta. Najua sentensi yako ilitoka wapi. Mwenye uchungu hutafuta pa kuutua, na tangu siku nyundo ilipoanguka kwenye sebule yako hujapata mahali. Basi nakwambia mbele ya watu wote: na wewe pia hukuileta. Ilikuwamo kwenye damu yake kabla ya kochi lako, kama ilivyokuwamo kabla ya ndoa yake. Utue, baba. Ila usiutue juu ya huyu, kama ulivyotuliwa juu ya mama yangu.

Mpangilio wa viti nao ulichapwa dukani kwangu, kwa hiyo najua ninavyosoma haya nani amekaa wapi. Mjane yuko safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki. Wazee mmeletewa kochi kubwa kutoka kwa baba mdogo, ndilo hilohilo. Ni la watu watatu, nanyi mko wawili. Mkono wa kulia, hapo alipoegemea shangazi, uligongwa na wifi yangu, msumari kwa msumari.

Naomba msogee. Wifi, njoo ukae kwenye kazi ya mikono yenu. Mstari uliobaki ni mmoja, na sitausoma mpaka uwe umekaa. Nasubiri.

Mdogo wangu, kiti hakiyumbi tena. Pumzika kwa amani.